Mwenye Nyumba Ameambiwa

11 Oktoba 1988

Leo Tauno kawasha tanuri la nyumba, lile la gesi linalotupasha joto. Kila mwaka huwa ni tarehe hii, theluji iwepo isiwepo. Nilisimama kwenye ngazi za chumba cha chini nikijifanya natafuta viazi, maana binti yetu Linnea kanionya kwa simu nisimwache babake peke yake na moto. Mikono yake haikukosea hata mara moja. Alivua bati la mbele, akapiga magoti, akawasha kile kimoto kidogo ambacho hukaa macho majira yote ya baridi, kisha akakaa akikitazama. Alitoa penseli sikioni na kuishika hewani kama mtu aliyesahau alichotaka kuandika. Nikamwita aje anywe kahawa.

Kwa miaka thelathini na minne alikuwa fundi wa matanuri ya gesi wa mji huu. Kutoka machimbo ya chuma mpaka ziwani hakuna tanuri ambalo hajalipigia magoti. Sasa hakumbuki kama amekula. Daktari ana jina lake la ugonjwa huu, mimi nauita mwizi, kwa sababu unachukua kidogo kidogo na haurudishi.

Naanza daftari hili kwa kuwa Linnea na shemeji yangu Reino, mdogo wake Tauno, wananiuliza kila siku hali ikoje, na mimi nachanganya siku. Wote wawili wanataka apelekwe nyumba ya wazee. Lakini mwezi Juni, akiwa bado anaelewa anachoahidiwa, nilimwahidi Tauno kwamba sitampeleka popote. Ahadi ni deni, na hili nitalilipa.

16 Oktoba

Mvua. Tauno kaenda kanisani na viatu viwili tofauti. Hakuna aliyesema neno. Kwa mambo kama haya naupenda mji wetu.

29 Oktoba

Baridi ya kweli imeingia. Tulikuwa tunakunywa supu ya samaki, tanuri likachelewa kuwaka, halafu likawaka kwa kishindo, bup, mpaka vifuniko vya sufuria vikalia.

Tauno akainua kichwa. "Vali," akasema.

"Vali gani?"

"Vali ya gesi. Imechoka. Inachelewa kufungua, gesi inajikusanya, ndiyo maana inapiga kelele. Ibadilishwe, mama mwenye nyumba."

Miaka arobaini na mmoja ya ndoa, na leo kaniita mama mwenye nyumba, kama alivyokuwa akiwaita wateja wake. Nilienda kuosha vyombo vilivyokuwa safi tayari.

2 Novemba

Asubuhi kanieleza kwamba bomba la moshi kwa mzee Prebich limeziba na lazima aende leo hii. Mzee Prebich alikufa mwaka sabini na moja na nyumba yake ikabomolewa. Nikamwambia ameshamtengenezea. Akaridhika. Mchana akasema tena ile vali imechoka. Nikamwambia hiyo nayo ameshatengeneza. Nazidi kuwa hodari wa kusema uongo.

12 Novemba

Jumamosi, kwa hiyo Reino alikuja kuoga mvuke wa sauna na kula. Tanuri likapiga kishindo chake wakati anavua koti, naye akaruka.

"Shemeji! Nyumba ya fundi, na tanuri linakohoa kama mvuta kiko? Kweli mganga hajigangi."

"Vali imechoka," Tauno akasema kutoka kwenye kiti chake.

"Hata sisi tumechoka, kaka. Nani atatubadilisha?"

Nilicheka, kisha nikaona aibu. Jikoni Reino akaninong'oneza, "Igonge kidogo tu. Kwa mpini wa mwiko, usitumie chuma. Mtaa mzima tunagonga."

"Tauno alikuwa anawafokea watu wanaogonga."

"Alikuwa. Sasa hivi anamfokea nani?"

Ni kweli, mtaa mzima unagonga. Fundi akija na kukuta vali mbovu, sheria inamtaka afunge gesi na kuning'iniza kadi nyekundu, na kadi hiyo haitoki mpaka kifaa kipya kifike kutoka mji wa Duluth. Kadi nyekundu majira ya baridi maana yake ni kubeba godoro kwenda kulala kwa ndugu na kuyaacha mabomba ya maji yagande na kupasuka. Basi watu hawamwiti fundi. Wanagonga na kuomba Mungu mpaka Aprili. Na fundi wa sasa ni Ludvik Zupan, aliyefundishwa kazi na Tauno. Sitaki Ludvik aje humu na mwalimu wake amuulize jina mara tatu.

24 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga, viazi na tanipu, mkate wa iliki. Tauno kala vizuri. Linnea kapiga simu kutoka Arizona akasema huko wamekaa nje bila koti, kana kwamba nilimuuliza.

3 Desemba

Leo nimegonga. Nyumba ilikuwa imepoa, kimoto kidogo kiko macho lakini moto mkubwa hauwaki. Nikasubiri Tauno asinzie, nikashuka na ule mwiko mrefu wa uji, nikaigonga vali mara moja. Ikawaka papo hapo. Nilijiona mjanja kuliko wahandisi wote wa gesi.

9 Desemba

"Vali imechoka." Mara tatu leo.

13 Desemba

Mara tano. Mara ya tano nilimjibu kwa ukali. Akaniangalia kwa upole, kama anavyomwangalia mteja mgumu, akasema, "Mimi kazi yangu ni kukuambia tu, mama."

18 Desemba

Sasa tanuri limegeuza tabia. Mwanzo lilikuwa gumu kuwaka, leo lilikuwa gumu kuzima. Niliteremsha kiswichi cha joto cha ukutani, kikalia tik kama kawaida, lakini chini kule moto uliendelea kunguruma. Dakika kumi nzima. Nikashuka na mwiko, nikagonga mara tatu, moto ukaanguka. Nilipopanda Tauno alikuwa amesimama juu ya ngazi. Sijui aliona nini. "Sasa haifungi," akasema tu.

25 Desemba

Reino kaleta samaki na kumnyoa Tauno ndevu. Ana mkono mzito kwa kila kitu isipokuwa wembe. Tauno akafumba macho kama paka.

9 Januari 1989

Nilimkuta chini, bati la mbele liko sakafuni, yeye kapiga magoti na penseli mkononi. Nikamwambia atoke hapo, atatuunguza.

Hakuondoka. Akaweka kidole kwenye ile vali. "Mama mwenye nyumba, nani anagonga hapa?"

"Sijui."

"Kuna alama. Vali inayogongwa ili ifanye kazi imeshakufa, watu hawataki tu kuizika. Ukigonga ili ifungue, siku moja itakataa kufunga."

"Tauno, ni mimi. Helvi."

Akafikiri. "Mke wangu anaitwa Helvi," akasema kwa furaha, kama vile tumegundua ndugu wa pamoja.

Nilimnyang'anya spana aliyofungulia bati na kuificha kwenye kapu la vitunguu. Penseli nilimwachia. Penseli haiwashi moto.

14 Januari

Reino kanikuta nalia jikoni. Akasema, "Shemeji, unajiua kwa ajili ya ahadi. Yeye mwenyewe haikumbuki." Nikamwambia ndiyo maana lazima niikumbuke mimi. Alitoka bila kumaliza kahawa yake. Nilimchukia mpaka jioni.

22 Januari

Harufu hafifu ya yai viza kwenye ngazi za chini. Reino alinusa akasema ni kabeji yangu.

Tauno akasema, "Hiyo ni gesi."

Nikafungua dirisha, ikaisha. Kesho nampigia Ludvik, kadi nyekundu au hapana.

23 Januari

Redio inasema wiki nzima itakuwa thelathini na moja chini ya sifuri. Kumtoa Tauno humu katika baridi hii, kumlaza kwa Reino kwenye kitanda asichokijua, si ndiyo mwanzo wa kumhamisha kabisa? Nitapiga simu baridi ikilegea.

27 Januari

Haijalegea.

4 Februari

Nitaandika yote.

Leo tulimzika Impi Saarela. Sisi wanawake tulipaswa kuandaa kahawa na chakula katika ukumbi wa kanisa, na mimi nilipika na Impi shuleni miaka kumi na minane, nisingeweza kukosa. Tauno alilala baada ya chakula cha mchana. Usingizi wake wa mchana ni wa saa mbili kamili, haujawahi kupungua. Reino akanichukua kwa gari kwa sababu upepo ulikuwa unasukuma theluji barabarani. Nikajiambia nitarudi hajaamka.

Tuliporudi, mapazia yetu yalikuwa nje. Ndicho kitu cha kwanza nilichoona, mapazia ya sebuleni yakipepea nje ya madirisha. Madirisha yote, juu na chini, yamefunguliwa katika baridi ile. Na Tauno amesimama kwenye kizingiti cha mlango wa mbele na shati tu, bila kofia, bila glavu. Mkono mmoja ameshika fremu ya mlango, mwingine ameshika spana. Ile spana ya kapu la vitunguu.

"Msiingie," akasema. Midomo ilikuwa ya bluu. "Nimefunga koki ya gesi. Msiingie mpaka hewa ibadilike."

"Kaka, umefanya nini?" Reino akapiga kelele. "Umefanya nini, Tauno!"

Reino akapita chini ya mkono wake na kunyoosha mkono kwenye swichi ya taa. Tauno akampiga kibao. Sijawahi kumwona akimpiga mtu maishani mwake. "Usiguse taa!" Wakakamatana pale mlangoni, wazee wawili, na mimi nikivuta koti la huyu na shati la yule.

Alipochoka alinigeukia. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Mama mwenye nyumba," akasema, "nilikuambia."

Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu haya, na sikusikia. Nilichoona ni tanuri lililozimwa, nyumba iliyogandishwa, na mume wangu aliyerukwa na akili. Bomba la maji la jikoni lilikuwa limeshapasuka. Vidole vya mkono wake wa kulia, ulioshika spana, vilikuwa vyeupe na vigumu. Sikuweza kumfungua ngumi. Hospitalini walimfungua kwa maji vuguvugu, naye akalia kwa sauti ambayo sitaisahau.

7 Februari

Wamemkata vidole viwili, cha shahada na cha kati. Linnea amefika. Nalala kwa Reino. Ameweka hita za umeme nyumbani kwangu ili mabomba mengine yapone, na Ludvik atakuja akimaliza foleni yake, maana katika baridi hii matanuri ya watu yanakufa kila mtaa.

8 Februari

Tuliketi watatu mezani kwa Reino. Linnea alinishika mikono. "Mama, kazima tanuri na kufungua madirisha, nje thelathini chini ya sifuri. Alichezea gesi. Safari ijayo je? Utakuwa umelala ndani."

Nilimngoja Reino aseme kauli yake ya kila mara, usipoziba ufa utajenga ukuta, nipate wa kugombana naye. Alikuwa anaangalia kahawa yake tu.

 

9 Februari

Nimesaini.

10 Februari

Tumemhamisha kutoka hospitali moja kwa moja. Mlangoni mwa nyumba ya wazee alishika fremu kwa ule mkono wenye bandeji, akaniuliza, "Tanuri la hapa lina shida gani?" Nikamwambia lina shida ndogo tu. Akaingia kwa hiari yake, kama anavyoingia kazini. Mungu anisamehe.

13 Februari

Ludvik alikuja saa nne. Mtu mkubwa wa miaka hamsini, akashuka ngazi kwa adabu kama anaingia kanisani. Nilimwambia mapema, ili asishangae, kwamba Tauno alichezea tanuri.

"Alichezea nini?"

"Alizima. Alifunga gesi."

Alifungua vali, akaitoa yote, akaibeba mpaka kwenye mwanga wa dirisha. Akaigeuza geuza. Kisha akaweka mdomo upande mmoja akapuliza.

"Weka mkono hapa, mama."

Nikaweka. Pumzi yake ilipita na kugusa kiganja changu.

"Hii hapa imefungwa," akasema. "Imefungwa, na inapitisha. Siku ile ya upepo, upepo ulishuka kwenye bomba la moshi ukazima kimoto. Vali iliyo nzima ingejifunga yenyewe. Hii ilikwama. Gesi ikawa inamwagika humu chini." Akapangusa mdomo. "Mtu aliyefunga koki, akafungua madirisha, akakataza watu kuingia na kugusa taa, hakuchezea kitu. Alifanya yote yanayotakiwa, na kwa mpangilio wake. Mama Helvi, wewe na Reino mngeingia mkawasha taa, leo tungekuwa tunawaweka pembeni ya Impi."

Nikakaa kwenye ngazi.

Ludvik akainama kuchukua bati la mbele ili alirudishe, akaligeuza, na hapo akaanza kusoma. Mafundi wa mji huu wote huandika kwa penseli upande wa ndani wa bati, tarehe na kazi iliyofanywa, ili fundi ajaye ajue. Mimi nilijua desturi hiyo. Katika miaka yote sikuwahi kuligeuza bati langu mwenyewe. Ludvik aliliegemeza kwenye ukuta nilisome. Juu kulikuwa na mistari ya zamani, mwaka mmoja mstari mmoja, mwandiko umenyooka. Chini yake mwandiko ulikuwa umelegea kama wa mtoto, lakini unasomeka:

29 Okt. Vali yachelewa kufungua. Ibadilishwe. Mwenye nyumba ameambiwa. T.H.

13 Des. Vali hiyo hiyo. Mwenye nyumba ameambiwa. T.H.

18 Des. Yachelewa kufunga. HATARI. Mwenye nyumba ameambiwa.

9 Jan. Alama za kugongwa kwa mti. Mwenye nyumba anagonga. Ni mama mzuri, hataki tu kusumbua watu. Ameambiwa.

22 Jan. Harufu. Ameambiwa.

Mstari wa mwisho haukuwa na tarehe: Nimefunga. T.

"Ndivyo tulivyo sisi mafundi," Ludvik akasema. Alikuwa akizungumza na bati, hakunitazama. "Yeye ndiye alitufundisha kuandika hivyo. Ukishamwambia mwenye nyumba, andika. Ili kesho asije akasema hakuambiwa."

Nilimuuliza kama anaweza kuondoka kidogo. Alinielewa, akaenda nje kuvuta sigara, na nikapiga kelele mle chini mpaka koo likauma. Sikio la kufa halisikii dawa, husema watu. Langu halikufa. Vidole vilivyokatwa ni vyake.

14 Februari

Nilimwonyesha Reino lile bati. Alisoma mara mbili, akakaa juu ya sanduku la viazi. "Nilisema ni kabeji," akasema. "Helvi, nilisema ni kabeji yako." Nilimshika kichwa. Miezi yote hii nimeandika humu kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa anataka kuninyang'anya Tauno. Kumbe kila siku, tangu tumpeleke, saa moja asubuhi, amekuwa kule anamnyoa.

15 Februari

Vali mpya imefungwa. Tanuri linawaka kimya, linazima kimya. Ludvik kakataa malipo. Kadi nyekundu hakuning'iniza, hakukuwa na sababu tena.

20 Februari

Nimeenda nyumba ya wazee kumdai Tauno. Niliwaambia mume wangu aliletwa kwa kosa asilolifanya. Muuguzi wa zamu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema Tauno hawezi tena kutembea peke yake, mapafu yana maji, tungoje.

12 Machi

Wameniruhusu nimlete nyumbani kwa siku moja. Reino aliendesha pole pole. Tulisimama mbele ya nyumba, jua linang'aa, theluji inadondoka kutoka paani. Nikamwambia, "Tauno, tumefika."

Aliitazama kwa makini, kutoka bomba la moshi mpaka msingi. "Nyumba nzuri," akasema. "Nani anakaa hapa?"

Ndani hakuvua koti. Hakukaa kwenye kiti chake. Nilimpikia kahawa na mkate wa iliki, akala wima kama mgeni mwenye haraka. Saa nane akaanza kuogopa, akataka arudishwe "kule". Wiki tano kitandani, na mwizi amemaliza kuhamisha vyombo vyote. Tulimrudisha. Njiani hakuna aliyesema kitu, na safari hii sikuupenda ukimya wetu.

19 Machi

Ukungu.

26 Machi

Pasaka. Tauno kalala siku nzima.

2 Aprili

Barabara ya kwenda kule ni tope tupu. Nilimkuta amekaa dirishani, amenyolewa, mkono wa kulia juu ya goti. Jeraha limepona vizuri. Alinitazama nikivua skafu.

"Mama mwenye nyumba," akasema. "Ile vali yako. Umebadilisha?"

Zamani jina hilo lilinichoma. Leo nilivuta kiti nikakaa.

"Nimebadilisha."

"Nani kafunga?"

"Ludvik Zupan."

"Anajua kazi. Nilimfundisha mimi." Akatikisa kichwa taratibu, ameridhika. "Vizuri. Uliambiwa mapema, lakini vizuri."

"Niliambiwa," nikasema. "Mume wangu aliniambia tangu Oktoba. Kila siku aliniambia. Mimi ndiye sikumsikiliza, na ameumia kwa sababu yangu."

Aliona nalia. Akanyoosha ule mkono wa vidole vitatu na kunipigapiga goti, kama afanyavyo mtu mwema kwa mtu asiyemjua.

"Usijilaumu, mama. Wateja wote wako hivyo. Si ubaya, ni baridi tu, watu wanaogopa baridi." Kisha akageukia dirisha na kutafuta kofia yake kwa macho. "Hapa nimeshamaliza kazi. Niitie gari niende nyumbani, nimekaa sana. Mke wangu atakuwa amekwisha pika kahawa."

Nikaichukua kofia yake kwenye ndoano, nikampa.

"Ni mwanamke anayeshika neno lake," akasema. "Aliniahidi hatanipeleka popote."

Nikamfunga kifungo cha juu cha sweta, kwa sababu chumba kile kina baridi kidogo na lazima niwaambie waangalie tanuri lao. Nikamwambia, "Sawa, fundi. Nitamwambia unakuja."